Sikio Halina Kope



Ndugu zangu wasomaji, tangu tukiwa madrasa tumefundishwa mengi kuhusu ulimi. Kila mtoto aliyekaa mbele ya ustadhi anajua msingi wenyewe: la heri, au kimya. Imam al-Ghazali katika Ihya alihesabu maafa ishirini ya ulimi, na khutba zetu za Ijumaa hazimalizi mwezi bila kugusa moja kati ya hayo. Ni sawa. Lakini kuna kiungo kingine ambacho tunakipita haraka. Surat al-Israa, aya ya 36, inapotaja viungo ambavyo mwanadamu ataulizwa kwavyo, inataja masikio kwanza, kisha macho, kisha moyo.

Hapo ndipo ninapopata swali langu. Jicho lina kope: usichotaka kukiona, unafumba. Kinywa kina midomo na meno: usilotaka kusema, unalizuia. Sikio halina kope. Liko wazi mchana na usiku, na kila linalosemwa karibu nalo huingia. Sasa sikio litaulizwa nini? Mlango usiofungika una hatia gani kwa aliyeingia?

Swali hili lina uzito wake kwa sisi tunaosoma hapa Gisenyi. Mji huu umewahi kujua sauti inaweza kufanya nini. Kabla ya kufika huko, naomba tuutazame kwanza mwili wenyewe.

Milango ya sauti

Sauti huanza na pumzi. Tukiwa kimya, hewa huingia na kutoka mapafuni bila kazi nyingine. Tukitaka kusema, misuli ya kifua na ya tumbo huizuia isitoke yote kwa mkupuo, ikatoka kidogo kidogo kwa kipimo. Hewa hiyo hupanda hadi kwenye koromeo, ambako kuna mikunjo miwili ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti. Wakati wa kupumua hukaa mbalimbali. Wakati wa kusema husogeleana, na hewa ikipita katikati yake hutikisika: kiasi cha mara 120 kwa sekunde kwa mwanamume, kiasi cha mara 200 kwa mwanamke, na zaidi ya hapo kwa mtoto. Mpaka hapo bado hakuna neno. Kuna mvumo tu, kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Neno hutengenezwa juu yake: kooni, kwenye kaakaa, kwenye ufizi, kwenye meno, midomoni, puani. Ulimi hugusa hapa na kuacha pale, mara nyingi kwa sekunde moja, bila kuumwa na meno. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, wakimaanisha kwamba haukosi la kusema. Daktari naye atakubali, kwa sababu ndani ya ulimi ni misuli mitupu, na ndiyo maana unaweza kujikunja, kujinyoosha na kugeuka haraka namna ile.

Wanazuoni wetu waliyachunguza haya mapema sana. Katika karne ya pili ya Hijria, al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake inatajwa kuwa Omani, alitunga kamusi ambayo haikufuata alifu, be, te. Aliipanga kwa mahali herufi inapozaliwa, akianzia ndani kabisa ya koo na kuja mbele kuelekea midomoni. Kwa kuwa alianza na ayn, kamusi ile ikaitwa Kitab al-Ayn. Baadaye Ibn Sina, aliyekuwa tabibu, aliandika risala nzima kuhusu jinsi herufi zinavyotokea, akaeleza na maumbile ya koromeo. Sisi tunaosoma tajwidi tunaijua elimu hiyo kwa jina la makharij, na wengi wetu tumehesabishwa mahali kumi na saba pa kutokea herufi. Tukikosea kaf na qaf, ustadhi haturuhusu kuendelea, maana herufi moja tu inatenganisha moyo na mbwa.

Ninachokichukua hapo ni hiki. Neno, kabla halijafika hewani, limepita milango mingi, na kila mlango uko chini ya amri ya mwenyewe. Pumzi imepimwa, nyuzi zimefungwa, ulimi umepelekwa mahali pake. Neno moja huweza kuponyoka, hilo tunalikubali. Hotuba haiponyoki. Mtu anayezungumza kwa dakika kumi amefungua milango hiyo maelfu ya mara kwa kutaka.

Nyumba isiyo na mlango

Tazama sasa upande wa pili. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikifika sikioni hutikisa kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko huo, na cha mwisho, chenye urefu wa milimita tatu hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu. Chenyewe hugonga kwenye kifereji kilichojikunja kama konokono na kujaa majimaji. Humo ndani mna seli zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari na kuipeleka kwenye ubongo. Seli hizo zikifa kwa kelele au kwa uzee, hazioti tena.

Katika safari yote hiyo hakuna mahali ambapo mwenye sikio anaulizwa kama anakubali. Hata usingizini mashine hii haizimwi. Mama aliyelala haamshwi na mvua kubwa juu ya mabati, lakini mtoto akilia kidogo tu, anaamka. Ina maana sikio lilikuwa kazini muda wote, na ubongo ulikuwa unachagua. Ndugu zangu, ukisoma Surat al-Kahf utaona kwamba vijana wa pangoni walipolazwa kwa miaka mingi, kilichotajwa kuzibwa ni masikio yao, si macho. Mimi naona hekima kubwa hapo: usingizi mrefu usingewezekana masikio yakibaki wazi.

Sikio pia hutangulia. Mtoto akiwa bado tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho, hushtuka kwa sauti, na akizaliwa huonyesha kuijua sauti ya mama yake na kuipenda kuliko ya mwanamke mwingine. Wazee wetu humsomea adhana sikioni kabla hajaweza kuona vizuri sura ya baba yake. Na mtu akiwa katika sakarati, ulimi umekuwa mzito, sisi humtamkia shahada taratibu karibu na sikio lake. Kila mmoja wetu ameanza maisha akiwa msikilizaji, na huenda akayamaliza hivyohivyo.

Kwa hiyo mizigo ya msemaji na msikilizaji haiko sawa. Kwetu mtu hapiti kizingiti cha mwenzake bila kubisha hodi. Sauti haibishi hodi. Anayesema ana milango mingi ya kujizuia, anayesikia hana hata mmoja. Anayesema anaingia nyumba ya mtu ambaye hana namna ya kumfungia nje, na adabu yake lazima ilingane na nguvu hiyo.

Barabara ya Kivumu na Kayove

Mwishoni mwa Juni 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, msafara wa magari ulipita katika barabara kati ya Kivumu na Kayove, kusini mwa mji wetu, katika mkoa wa Gisenyi wa wakati ule. Ndani yake alikuwamo Simon Bikindi, mwimbaji maarufu, mzaliwa wa mkoa huohuo. Gari lilikuwa na kipaza sauti. Alipokuwa akienda Kayove aliwataka Wahutu wainuke wawaangamize Watutsi. Aliporudi aliwauliza watu kama wamekuwa wakiwaua.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilitoa hukumu yake tarehe 2 Desemba 2008: miaka 15 jela kwa kosa la uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kufanya mauaji ya kimbari. Mwaka 2010 rufaa ilithibitisha hukumu hiyo. Wengi hudhani alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake, kwa sababu zilipigwa sana redioni katika miezi ile. Sivyo. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika kuchochea chuki, lakini haikuona ushahidi wa kutosha kwamba yeye mwenyewe alishiriki kuzisambaza mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni yale maneno ya barabarani.

Fikirini maneno hayo yalikuwa nini kwa kipimo cha mwili: hewa iliyotikiswa, ikapita juu ya migomba, ikaisha. Mtikisiko wa sauti ile haukudumu hata dakika moja. Lakini miaka 14 baadaye maneno yakapatikana Arusha, kwa sababu yaliingia masikioni mwa watu waliokuwa kando ya barabara, yakakaa, na watu hao wakaja kutoa ushahidi. Sisi tunaamini wapo malaika wawili wanaoandika kila tamko, na Surat Qaaf imelieleza hilo. Kesi hii inanionyesha kwamba hata kabla ya daftari lao kufunguliwa, neno lina mashahidi hapa duniani, nao ni masikio ya waliolisikia bila kuombwa ruhusa.

Kuna jambo lingine ambalo sisi Waislamu wa mji huu hatupaswi kulikwepa. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990 na kueneza chuki, alikuwa Hassan Ngeze, mtu wa hapahapa Gisenyi, mwenye jina kama majina yetu. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilimhukumu pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na baada ya rufaa ya mwaka 2007 kifungo chake kikawa miaka 35. Ni kweli pia, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo, kwamba Waislamu wengi nchini waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini. Majina ya Kiislamu yalikuwapo pande zote mbili. Jina halikumlinda mtu. Kilichomlinda ni alichokifanya na sauti iliyomfikia.

Sikio hulelewa

Hapo ndipo jibu la swali langu linapoanza kuonekana. Kama sikio halina hiari kabisa, basi wote waliosikia kipaza sauti kile, au redio ile, wangefanya jambo moja. Hawakufanya jambo moja. Wapo waliosikia wakachukua panga, na wapo waliosikia sauti hiyohiyo wakafungua mlango wa nyuma kumwingiza jirani. Kiwambo kilitikisika sawasawa kwa wote. Tofauti ilikuwa ndani zaidi.

Sayansi inatusaidia kuielewa tofauti hii. Mtoto mchanga, akiwa na miezi sita, anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzungumziwa. Akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo unapungua, kwa kuwa ubongo wake umeshajifunza sauti zipi zina maana nyumbani kwao na zipi azipuuze. Sisi wenyewe ni mfano. Kinyarwanda hakitofautishi r na l. Ukiweka moja mahali pa nyingine, maana haibadiliki. Mtu aliyelelewa na Kinyarwanda peke yake, akija kwenye Kiswahili, mahali na mahari kwake ni kitu kimoja, na kupiga kura ni sawa na kula. Masikio yake ni mazima. Yamelelewa hivyo. Na akikaa na ustadhi mvumilivu, au na wafanyabiashara wa Goma pale mpakani, yanalelewa upya.

Kwa hiyo sikio halina kope, lakini lina malezi. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, miezi tisa kabla ya Aprili 1994. Gazeti linahitaji msomaji aliyekwenda shule. Redio inahitaji sikio tu. Haikuanza kwa kutaja nani auawe. Ilikuwa na muziki mzuri, mizaha, watangazaji wachangamfu. Watu walicheka. Kidogo kidogo neno la kumwita jirani kwa jina la mdudu likazoeleka sikioni, mpaka siku lilipokuja kuwa amri likakuta kiti chake tayari kimewekwa.

Lugha zetu zinalijua hili kuliko tunavyodhani. Kwa Kiswahili, kusikia ni jambo linalokupata, na kusikiliza ni jambo unalolifanya. Kwa Kinyarwanda, kumva ni kusikia na ni kuelewa pia, na kutoka humo tunapata kumvira, kutii. Lugha zote mbili husema mtu anatega sikio, gutega amatwi, kwa kitenzi kilekile cha kutega mtego. Sauti hupita nyingi. Kinachonasa ni kile ulichokitegea.

Basi nadhani sikio litaulizwa hivi: ulikitegea nini? Ulikizoesha kwa muda gani? Kilipoingia, ulikipa kiti au ulikitoa? Na je, ulikipeleka kwa mwenzako? Katika mlango wa kusengenya, al-Ghazali anamweka msikilizaji aliyeridhika kuwa mshirika wa msengenyaji. Hamlaumu kwa kuwa na masikio. Anamlaumu kwa kukaa, kufurahi, na kumpa msemaji hamu ya kuongeza.

Kuziba nako si jibu

Ndugu mmoja anaweza kusema: basi tuzibe masikio, tusisikie chochote. Hapana. Surat Nuh inawataja watu walioingiza vidole masikioni ili wasimsikie Mtume wao, na hawakusifiwa. Dunia nayo ilifanya hivyo kwetu. Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake Rwanda hadi kiasi cha 270. Mwezi Mei, wakuu wa jeshi la Marekani walipofikiria kuyazima mawimbi ya RTLM, walikataa kwa hoja za gharama na za sheria. Vilio vilifika masikioni mwao. Hawakuvitegea.

Kwa hiyo malezi ya sikio yana pande mbili: kuinyima chuki kiti, na kumpa kiti anayelia. Anayefanya la kwanza tu atakuwa mtu safi asiye na faida kwa jirani yake.

Kipaza sauti mfukoni

Leo kipaza sauti hakihitaji gari. Kila mmoja wetu anacho mfukoni. Mnajua jinsi ujumbe wa sauti wa WhatsApp unavyosafiri: umerekodiwa na mtu usiyemjua, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda au kwa Kilingala, unavuka mpaka kabla hata wachuuzi wa asubuhi hawajavuka, na unaanza kwa kusema sambaza kwa wote. Ndani yake mna habari ya kabila fulani, dini fulani, msikiti fulani, dada fulani wa chuo. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yanatuambia kwamba kusimulia kila unachokisikia kunatosha kumfanya mtu kuwa mwongo. Hata kama hakubuni chochote. Anayesambaza hakuitikisa hewa yeye. Nyuzi zake za sauti zilikuwa kimya. Lakini aliifanya sauti ya mtu mwingine iingie katika nyumba zisizo na mlango, kwa kidole kimoja. Nakumbuka zile nyimbo za redioni: swali lililobaki juu yake lilikuwa nani aliyezipeleka masikioni mwa watu.

Kuna siri moja ya mwili inayonifanya nifikiri sana ninapotaka kuzungumza mkutanoni. Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo, kuna vimisuli vidogo vinavyokazwa kelele ikizidi. Vimisuli hivyo hukazwa pia mtu anapoanza kusema, ili sauti yake mwenyewe isimsumbue, na ubongo nao hupunguza usikivu wake kwa sauti hiyo. Yaani wakati tunasema, tunasikia kidogo zaidi. Mwili umeumbwa hivyo kwa rehema, ili tuvumilie kelele zetu wenyewe. Lakini anayesema muda wote amejifanya nusu kiziwi bila kujua. Mzozo kwenye jumuiya yetu, au chumbani hosteli kati ya wanaotoka familia zilizoumizwa na wanaotoka familia zilizoumiza, hauwezi kutatuliwa na watu ambao wote wanasema kwa pamoja.

Basi nawausia, na kuiusia nafsi yangu kwanza. Ukisikia neno la kumdhalilisha mtu kwa kabila lake au dini yake, hukuweza kulizuia lisiingie, na hutaulizwa kwa kuingia kwake. Utaulizwa kwa dakika inayofuata. Katika dakika hiyo unaweza kuondoka, unaweza kusema hapana, unaweza kufuta ujumbe bila kuupeleka mbele. Na jirani akilia usiku, dakika hiyo pia ni yako.

Mwenyezi Mungu ayajaalie masikio yetu yawe mashahidi wa kututetea, si wa kutushitaki, na azirehemu roho zote zilizopotea katika ardhi hii. Aamin.

Wabillahi tawfiq.